Kuinua pikipiki nyumbani: meza ya kukanyaga, meza ya hewa, jeki ya mkasi au meza ya kuchomelea?

Watu wengi wakianza kutafuta meza ya kuinulia pikipiki swali la kwanza ni kilo, hii inabeba kilo ngapi na ile inabeba ngapi, na hapo ndo wanapopotea mapema. Boxer au TVS HLX ikiwa na mafuta yake inacheza kwenye kilo 120 hivi. Himalayan 411 ni kama 199, Africa Twin 1100 ya gia za kawaida kama 226, BMW R 1250 GS ni 249. Sasa meza za kiwandani nyingi zinaandikwa kati ya kilo 300 na 680, kwahiyo kwa piki tulizonazo huku karibu kila kinachouzwa kinabeba, labda uwe na Harley ya safari inayopita kilo 350 ndo hesabu ya kilo inaanza kuwa na maana.

Kinachotofautisha ni kingine. Piki ikishaachana na ardhi imeshikiliwa na nini? Na ukivuta spana kwa nguvu zote kwenye nati ya ekseli iliyogoma, itatulia au itakuja kwako? Hiyo ndo kesi yenyewe, mengine yote yanafuata.

Tunapima kwa nini

Nazipima zote kwa mambo yaleyale matano ili kila moja ipate haki yake. La kwanza ni hilo la kusimama, yaani piki imekamatwa wapi na kuna kitu gani cha chuma kinachozuia isishuke haidroliki ikizingua. La pili sakafu na nafasi, maana gereji ya nyumbani kwa wengi wetu ni banda la gari au kibaraza chenye paving, na mara nyingi uwanja umeinamishwa makusudi ili maji ya mvua yatoke. La tatu kupandisha na kushusha ukiwa peke yako, kwa sababu nyumbani hakuna dogo wa gereji wa kumwita aje ashike nyuma. La nne ni kazi gani zinafanyika humo na zipi hazifanyiki, na la tano hela na matunzo.

Bei kamili sitazitaja, zinabadilika kila mzigo ukiingia na kila muuzaji ana yake, nitasema tu ipi iko juu ya ipi.

Meza ya kukanyaga kwa mguu

Hii ndo ile wengi wanaipigia picha kichwani. Kitanda cha chuma chenye urefu wa kama mita 2.2, upana kati ya sentimita 55 na 70, ikilala chini iko sentimita 18 mpaka 20 kutoka sakafuni, na ukikanyaga pedali ya pampu inapanda hadi 75 au 80 hivi. Mbele kuna vaisi ya kubana tairi, nyuma kuna rampu ya kupandia na kipande cha bati kinachotoka ili tairi la nyuma lishukie chini.

*Kusimama.* Ukiifunga vizuri ni kati ya zilizo imara kabisa kwenye orodha hii, lakini kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia kwa sababu mwenyewe hajawahi kupandisha boda humo. Vaisi nyingi zimetengenezwa kwa tairi pana za piki kubwa, sasa Boxer mbele ina 2.75-17, yaani upana wa sentimita 7 tu, unabana mpaka mwisho na tairi bado linacheza. Dawa yake ni vipande viwili vya mbao ngumu, kimoja kila upande, umevikata kwa urefu wa taya za vaisi na ukavifunga na bolti visianguke kila ukifungua. Usiishie hapo, piga na mikanda miwili ya kukazia kutoka kwenye usukani au kwenye kibano cha chini kinachoshikilia shokapu mbili za mbele kwenda pembe za mbele za meza, kaza mpaka shokapu zibonyee kama nusu hivi, ukizibonyeza mpaka mwisho unazitesa sili bure.

La pili ni urefu. Meza imechorwa kwa piki ndefu, kwahiyo ukiweka boda, tairi la mbele likiwa kwenye vaisi, tairi la nyuma linaishia mbele ya kile kipande kinachotoka. Halafu unafungua bati, unatazama, shimo liko nyuma ya tairi na halikusaidii kitu. Meza nzuri zina matundu kadhaa ya bolti ili vaisi isogezwe nyuma. Kabla hujalipa pima piki yako kutoka ekseli hadi ekseli, halafu pima meza kutoka vaisi ilipo hadi katikati ya kile kipande, dakika mbili tu na futi kamba.

Afu kuna ile fimbo ya chuma ya kufuli. Haidroliki ni mafuta yaliyofungiwa na sili ya mpira, na mpira unachoka. Kwahiyo meza yoyote unayoinunua lazima iwe na fimbo au meno ya chuma, meza ikishapanda unapitisha fimbo, halafu unafungua valvu kidogo mpaka meza ikae juu ya chuma na uisikie inagonga. Kuanzia hapo mafuta hayabebi kitu. Meza isiyo na hiyo fimbo mimi nisingelala chini yake hata kama ni ya bure.

*Sakafu na nafasi.* Inataka zege lililonyooka. Kwenye paving vigurudumu vyake vidogo vinaingia kwenye mifereji na meza yenyewe tupu ina uzito wa kutosha kukufanya ujute kuisogeza kila siku. Ikilala inakula nafasi ya piki nzima, japo unaweza kuigeuza kuwa sehemu ya kupaki, piki inalala juu yake na wewe hujapoteza kitu.

*Kupandisha ukiwa peke yako.* Kwa piki ya kilo 120 ni kazi nyepesi, unaisukuma ukiwa pembeni, breki ya mbele mkononi. Kwa GS stori inabadilika kwa sababu upana wa sentimita 55 hauna pa kuweka mguu wako, piki ikifika juu wewe umebaki chini na usukani uko juu ya bega. Zipo meza zenye mbawa za pembeni, au unaweka kreti la soda imara ubavuni la kukanyagia. Tairi na rampu vifute kwanza, tone moja la oili kwenye rampu ya chuma linatosha kukulaza na piki juu yako.

*Kazi.* Karibu zote: oili, cheni na sproketi, kabureta, kupima valvu, breki, tairi zote mbili. Kushusha injini pia inawezekana na hapa ndo raha yake, unaweka mbao chini ya injini, fremu unaining'iniza kwa juu, halafu ukishafungua bolti unashusha meza na injini inashuka nayo. Jambo moja tu, nati ngumu zote, za ekseli na ya sproketi ya mbele, zilegeze piki ikiwa bado chini.

*Hela na matunzo.* Iko katikati kwenda juu. Ukiagiza China kwa njia ya meli mizigo mikubwa hivi huwa inahesabiwa kwa ujazo na meza hata ikija imekunjwa bado ni boksi kubwa, kwahiyo uliza nauli kabla hujafurahia bei ya mtandaoni. Matunzo ni madogo, grisi kwenye viungo na oili ya haidroliki kwenye pampu, na tafadhali usiweke brake fluid kama wanavyofanya wengine kwenye majeki, ile inavimbisha sili za mpira wa kawaida na ndani ya muda mfupi jeki inavuja. Ikianza kupanda kwa kushtuka shtuka hiyo ni hewa, fungua valvu, kanyaga pedali mara kadhaa ikiwa tupu, funga, endelea.

Ukinunua ya mtumba mwambie muuzaji apandishe na piki juu, bila kufuli, uchore mstari wa chaki kwenye mguu wa meza pale inapokutana na fremu, halafu ukae upige stori nusu saa. Mstari ukiwa umehama, sili zimekwisha. Haimaanishi usinunue, inamaanisha bei irudi chini.

*Inamfaa* mtu mwenye sakafu nzuri, anayefanya kazi mwenyewe mara kwa mara, na ambaye mgongo umeshaanza kulalamika.

Meza ya hewa, na dada yake ya umeme

Umbo ni lilelile, kinachobadilika ni nani anasukuma. Ya hewa inataka kompresa ya kutoa karibu bar 6 hadi 8, unakanyaga pedali na inapanda yenyewe. Ya umeme ina mota na pampu, unabonyeza batani.

*Kusimama.* Kila nilichosema kuhusu vaisi, mikanda na urefu kinabaki. Ila kuna ya kuangalia zaidi. Kuna meza ambazo hewa inaendesha tu pampu ya haidroliki, hizo zinakaa kama ya kukanyaga. Na kuna ambazo hewa yenyewe ndo inabeba ndani ya silinda au puto, sasa hewa inabonyea, kwahiyo ukiegemea piki meza inanesa kama godoro mpaka uiteremshe kwenye fimbo ya kufuli. Ikiwa kwenye fimbo hakuna tofauti.

*Sakafu na nafasi.* Zege hilohilo, jumlisha na kona ya kompresa na bomba linalotambaa sakafuni. Majirani wa ukuta kwa ukuta nao wana lao la kusema, kompresa ya lita 50 ikianza kujaza saa tatu usiku mtoto wa jirani ataamka.

*Kupandisha ukiwa peke yako.* Hapa inashinda, unashika piki mikono miwili na mguu mmoja ndo unafanya kazi. Angalia inavyoshuka lakini, baadhi zinashuka kwa kudondoka, valvu yake haina katikati, ukigusa imeshuka. Jaribu kabla ya kulipa ikiwa na mzigo juu.

*Kazi.* Sawa na ya kukanyaga. Faida inaonekana kwa mtu anayepandisha na kushusha mara nyingi kwa siku, au mwenye goti bovu.

*Hela na matunzo.* Ya juu kuliko zote, hasa kama huna kompresa. Kama tayari unayo kwa ajili ya kupaka rangi au kupuliza kabureta basi sehemu ya gharama umeshailipa. Tangi la kompresa lifunguliwe chini litoe maji, ukikaa Tanga, Mombasa au Kigamboni unyevu ni mwingi na maji yale yanaingia kwenye silinda ya meza yanaozesha polepole. Kuhusu umeme kukatika, ya hewa bado ina akiba kwenye tangi, ya mota imekwama ilipo, kwahiyo ya mota uliza kama ina valvu ya kushushia kwa mkono. Na walio na ndugu Marekani wanaoweka vitu kwenye kontena, mota ya kule ni ya volti 120 na kwetu ni 230, ukiichomeka moja kwa moja umeiunguza siku ya kwanza, na transfoma ya kuibeba mota ya namna hiyo sio ile ya kuchajia redio.

*Inamfaa* mwenye kompresa tayari, mwenye piki nzito, au anayeelekea kufungua kagereji ka kuhudumia na wengine.

Jeki ya mkasi na jeki ya magurudumu

Hizi sio meza, ila mtu akija na swali la meza mara nyingi jibu lake liko hapa, ndo maana sikuziacha nje. Ya mkasi ni ndogo, unazungusha skrubu kwa spana au mpini, inaanza kama sentimita 10 na kufika 40 hivi. Ya magurudumu ni ya haidroliki, ina mikono miwili ya kubeba piki kwa chini, unaisukuma chini ya piki na kukanyaga.

*Kusimama.* Hapa ndo udhaifu wake. Piki inakaa juu ya kipande kidogo cha chuma katikati, mbele na nyuma vinaning'inia, kwahiyo ukitoa tairi la nyuma uzito unahamia mbele na piki inainamisha pua, ukitoa injini ndo kabisa. Lazima mikanda, miwili kushoto miwili kulia, kwenye jeki yenyewe ya magurudumu au kwenye nguzo za banda.

Halafu lala chini utazame tumbo la piki yako. Kama kuna mabomba mawili ya fremu yanapita chini ya injini uko salama, jeki itashika fremu. Piki ndogo nyingi chini ni injini tupu, kuna bolti ya kumwagia oili, kuna bomba la moshi linapita ubavuni, na ukiweka jeki hapo unabeba piki nzima kwa kasha la aluminiamu. Kipande cha mbao kinasambaza uzito lakini kisiwe juu ya bolti ya oili wala juu ya mapezi ya injini.

Kuna kitu watu wanasahau kwenye boda zetu: zina dabo stendi. Dabo stendi peke yake inainua tairi la nyuma. Kwahiyo ukipiga dabo stendi halafu ukaweka jeki ndogo ya mkasi mbele ya injini, tairi la mbele linatoka chini na piki inakaa kwenye sehemu tatu, miguu miwili ya stendi na jeki. Kwa kazi ya bearing za mbele au kubadilisha sili za shokapu hiyo inatosha kabisa na haitikisiki kama ukifunga kamba stendi isijikunje.

*Sakafu na nafasi.* Hapa inawapiga wote. Ya mkasi unaiweka chini ya kabati. Ya magurudumu inasimama ukutani. Paving inavumilika kwa ya mkasi ukilaza ubao mnene chini yake, ila uwanja wenye mteremko hapana.

*Kupandisha ukiwa peke yako.* Piki yenye stendi ndogo tu ni mtihani, maana inabidi uisimamishe wima kwa mkono mmoja huku mwingine unakanyaga au unazungusha. Fundi mzoefu anafanya, lakini mara ya kwanza ita mtu. Yenye dabo stendi haina shida.

*Kazi.* Tairi, breki, cheni, shokapu, kusafisha. Wewe bado unakaa kwenye kigoda au umechuchumaa, maana sentimita 40 haikuletei injini kwenye kiwiko. Mtu anayetaka kupumzisha mgongo hapa hajapata alichokuja kutafuta.

*Hela na matunzo.* Ya chini kuliko zote, ya mkasi hasa. Skrubu ipake grisi, basi. Ya magurudumu ina sili kama meza, na ule mti wa pampu unaong'aa ukipata kutu vishimo vyake vinachana sili kila ukipanda, kwahiyo ukae ndani, sio nje kwenye umande wa bahari.

*Inamfaa* mwenye boda moja au mbili, nafasi ndogo, kazi za kawaida, au mpangaji anayehama hama.

Meza ya kuchomelea kwa fundi

Gerezani Dar, Kamukunji Nairobi, na kila mtaa wenye fundi wa grili na mageti, unaweza kuchongewa meza. Zipo za aina mbili na zisichanganywe.

Ya kwanza haipandi wala haishuki. Ni benchi la skwea paipu lenye bati la chekapleti juu, kimo cha sentimita 60 au 70, na rampu ndefu. Ya pili ina miguu ya mkasi au ya kulala na jeki ndani.

*Kusimama.* Benchi lisilopanda ndo kitu tulivu kuliko vyote hapa, hakuna sili, hakuna fimbo ya kusahau, hakuna cha kushuka. Miguu iwe imetanuka chini kuliko juu, na mishikizo ya kuvuka iwepo pande zote nne.

Ya kupanda ndo inataka akili, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu mafundi wengi wanachora kwa macho. Chukua mkasi wenye jeki inayosukuma miguu kwa chini kwa mlalo, sambamba na sakafu. Piki kilo 120, bati la juu na fremu yake tuseme 60, jumla 180. Meza ikiwa imelala na miguu ina nyuzi 10 tu kutoka sakafuni, jeki inatakiwa kusukuma zaidi ya mara tano na nusu ya mzigo, yaani kama kilo 1,020, wakati ikifika nyuzi 45 inasukuma 180 tu. Ndo maana utaona meza inagoma kuanza halafu ikishatoka chini inapanda bila shida, na ndo maana jeki ya tani 2 iliyoonekana kubwa mno inaanza kupinda pini. Ukifanya na Himalayan hesabu inakaribia tani moja na nusu. Kwahiyo weka vizuizi ili meza isilale zaidi ya nyuzi 15 hivi, pini ziwe nene, na jeki iwe na nafasi ya kutosha juu ya hesabu.

Jeki za chupa nazo zimetengenezwa kusimama wima. Ukiilaza inaweza kunyonya hewa badala ya mafuta, zingine zinakubali kulala ikiwa upande wa pampu uko chini, zingine zinakataa kabisa, ijaribu kabla fundi hajaichomelea kikombe chake. Na mwendo wake ni mfupi, mara nyingi sentimita 10 hadi 15, kwahiyo watu wanachukua ile jeki ndefu ya winchi ya kunyanyulia injini za magari. Fimbo ya kufuli mwambie fundi aitengeneze kwanza kabla ya rangi, ukisema tutaongeza baadaye haitaongezwa.

*Sakafu na nafasi.* Raha ya kuchomelea ni kwamba inafuata nyumba yako. Una mteremko? Mguu mmoja unakuwa na bolti ya kurekebisha. Piki yako fupi? Shimo la tairi la nyuma linawekwa pale lilipo tairi lako. Ila benchi lisilopanda halijifichi popote, na rampu yake inakula sakafu nyingine ya mita mbili na kitu.

*Kupandisha ukiwa peke yako.* Benchi la sentimita 60 lenye rampu ya mita 2.4 linakutaka usukume kama robo ya uzito wa piki. Boda ni kilo 30 za nguvu, unaweza. GS ni zaidi ya 60 na unasukuma kwenda juu huku unatembea pembeni kwenye kibao chembamba, hapo nasema hapana, tafuta watu au tafuta winchi ndogo mbele. Piki zenye tumbo la chini zinaweza kukwama pale rampu inapokutana na benchi.

*Kazi.* Zote, ukiwa umeichora kwa kazi zako. Benchi la kimo kimoja lina kasoro kwamba kabureta inakuwa pazuri lakini kwa kufunga usukani unasimama kwenye kigoda.

*Hela na matunzo.* Bei inategemea chuma. Skwea paipu ya unene wa milimita 1.5 ni ya madirisha, kwa meza anzia 2 na miguu iwe 3, na uende na futi na kalipa au angalau ukate kipande uone ukingo, kuna duka linauza 2 ambayo imenyanyuka kidogo tu juu ya moja na nusu. Mkitumia mabaki ya chuma ulichonacho inaweza kuwa nafuu kuliko jeki ya magurudumu, mkitumia chuma kipya na jeki mpya ndefu mnaweza kuifikia meza ya kiwandani ya mtumba, kwahiyo piga hesabu ya vyote kabla, pamoja na rangi na usafiri wa kirikuu.

*Inamfaa* mwenye fundi anayemwamini na anayekubali kuchorewa, mwenye piki ya vipimo ambavyo kiwanda hakikuvifikiria, au anayetaka benchi la kudumu.

Sasa wewe uko wapi?

Una boda moja, unamwaga oili na kukaza cheni, kabureta mara mojamoja. Dabo stendi, jeki ya mkasi, mkanda na ubao. Hela inayobaki nunua spana nzuri na torki renchi, vitakusaidia kila wiki.

Una boda nne tano za kuwapa vijana na matengenezo unafanya mwenyewe nyumbani. Hapa benchi la kuchomelea lisilopanda linaleta maana kubwa, maana zote ni piki za aina moja, unalipima kwa moja linafaa zote, na ukipata meza ya kukanyaga kwa bei nzuri nayo sawa ila pima ule urefu wa ekseli.

Una piki ya kilo 200 na kuendelea, Himalayan, Africa Twin, GS, na sakafu ni zege. Meza ya kukanyaga yenye mbawa za pembeni, au ya hewa kama kompresa ipo. Baadhi ya hizi kubwa zinakuja bila dabo stendi au inauzwa kando, na kama unachofanya ni cheni na tairi tu basi angalia kwanza kama dabo stendi ya kununua haikumalizii shida, au ile stendi ya kunyanyulia swingamu, yaani mkono wa fremu unaoshika tairi la nyuma, kama piki yako ina matundu ya kufungia vishikizo vyake.

Umepanga na mwakani unahama. Jeki. Usichomelee kitu cha kilo mia kwenye nyumba ya mtu.

Sakafu ni paving au udongo na huna mpango wa kumwaga zege. Meza ya magurudumu madogo itakusumbua, chagua benchi lenye miguu mipana iliyochomelewa visahani chini, au ubaki na dabo stendi. Au anza na zege, kieneo cha mita 3 kwa 1.5 kinatosha meza na wewe kuzunguka upande mmoja, ukitaka kuzunguka pande zote ongeza upana hadi 2.5.

Unataka kushusha injini nyumbani, kwa piki yoyote. Meza yoyote yenye kupanda na fimbo ya kufuli, au benchi pamoja na cheni bloki kwenye boriti la chuma. Sio kwenye mbao za paa la banda, zile ziliwekwa kubeba bati.

Na kama kuna watoto nyumbani, chochote utakachochagua kishuke chini kabla hujaondoka hata kama unaenda dukani tu kufuata bolti. Kama haiwezekani kwa sababu tairi limetoka, basi mikanda yote minne ifungwe, pedali itolewe au ifungwe kwa kufuli, na rampu iondolewe, rampu ikiwepo ni bembea.